Chakula Kinapomkataa Mtu: Kuutambua Mzio wa Chakula na Kuishi Nao Nairobi

Nairobi hukosi mtu wa kukwambia kwamba kuna chakula kinachomkataa. Mmoja maharagwe humjaza gesi, mwingine maziwa humkimbiza chooni, wa tatu alikula samaki hotelini akawashwa mwili mzima, na wa nne akigusa njugu midomo inavimba na kifua kinabana. Wote wanne watakwambia wana aleji, yaani mzio. Ukiwapeleka kwa daktari anayeujua mzio vizuri, huenda akabaki na huyo wa nne peke yake, na huyo ndiye anayeweza kufa ndani ya nusu saa. Tukiwachanganya wanne hawa tunapata hasara mara mbili. Asiye na mzio anajinyima chakula kizuri miaka nenda miaka rudi, na mwenye mzio wa kweli anaonekana mtu wa kuchagua chakula, anaambiwa ale kidogo kidogo tu, atazoea.

Tuanze na wasio na mzio, kwa kuwa ndio wengi.

Maziwa yana sukari iitwayo laktosi, na utumbo hauwezi kuifyonza mpaka ivunjwe na kimeng'enya cha laktesi. Watoto wachanga karibu wote wanacho. Kwa watu wengi duniani hupungua wakishaacha kunyonya, ingawa katika jamii za wafugaji, kama Wamaasai, wengi hubaki nacho hadi uzeeni. Asiyekuwa nacho cha kutosha akinywa glasi ya maziwa freshi, ile sukari inashuka hadi utumbo mpana bila kuvunjwa, bakteria wanaichachusha, tumbo linanguruma na kuendesha. Mtu huyo huyo mara nyingi huvumilia maziwa lala au mursik, kwa sababu bakteria wa kuchachusha wameshatumia sehemu ya sukari hiyo, na kikombe cha chai chenye maziwa kidogo hakimsumbui. Hiyo ni kero ya tumbo. Haifungi koo, haishushi presha.

Samaki ana hila nyingine. Jodari, vibua na jamaa zao wakikaa kwenye joto, kwa mfano wakisafirishwa kutoka Pwani bila barafu ya kutosha, bakteria hutengeneza histamini ndani ya nyama yenyewe. Histamini ndiyo kemikali ile ile ambayo mwili huitoa wakati wa mzio, kwa hiyo mlaji anawashwa, uso unapata moto, kichwa kinagonga, na kila mtu mezani anaapa ni aleji. Kumpika sana hakusaidii, maana histamini haiharibiwi na moto. Dalili ya kukutoa gizani ni hii: waliokula samaki yule yule waliugua wangapi? Wakiwa wawili watatu, lawama ni ya samaki. Akiwa ni mtu mmoja, na kila anapokula samaki wa aina hiyo hali inarudi, hapo ndipo pa kufikiria mzio.

Mzio wa chakula wenyewe ni kosa la kinga ya mwili. Mwili unakutana na protini isiyo na madhara, iwe ya yai, ya njugu au ya kamba, unaitengenezea kingamwili za aina ya IgE kana kwamba ni adui. Kingamwili hizo hujipachika kwenye seli maalumu zilizo chini ya ngozi, kwenye pua, koo, mapafu na utumbo, na kukaa zikisubiri. Protini ile ikirudi, hata kwa kiasi cha chembe, seli hizo humwaga histamini na kemikali nyingine kwa mkupuo. Mishipa inavuja, ngozi inavimba, njia za hewa zinabana.

Jambo hili lilidhihirika mwaka 1902, pale Wafaransa Charles Richet na Paul Portier walipokuwa wakiwadunga mbwa sumu ya kiumbe wa baharini aina ya anemoni. Walitarajia kwamba dozi ndogo zingewazoesha mbwa wale. Ikawa kinyume: mbwa aliyestahimili dozi ya kwanza alipodungwa tena dozi ndogo wiki chache baadaye, alikufa kwa dakika. Hali hiyo, mzio mkali wa ghafla unaoweza kuua, waliiita anafilaksisi, na mwaka 1913 Richet akapewa Tuzo ya Nobel. Namtaja hapa kwa sababu ya shosho zetu, ambao kwa mapenzi yote humtilia mjukuu mwenye mzio njugu kidogo kwenye mboga ili azoee. Siku hizi yapo matibabu ya kumzoesha mtoto chakula kwa vipimo vya miligramu, lakini hufanywa na daktari bingwa, adrenalini ikiwa tayari pembeni. Jikoni si mahali pake.

Kuna wanaosema huu ni ugonjwa wa wazungu. Afrika Kusini waliwapima watoto wa mwaka 1 hadi 3. Mjini Cape Town, asilimia 2.5 walikuwa na mzio wa chakula uliothibitishwa, huku katika eneo la mashambani la Mqanduli ikiwa asilimia 0.5. Kwa watoto wa mjini, mzio ulioongoza ulikuwa wa yai, kisha wa njugu. Mji unaonekana kuongeza hatari, na Nairobi ni mji.

Sasa dalili. Jiulize kwanza kuhusu saa. Mzio wa aina hii hujitokeza dakika chache baada ya kula, na mara nyingi ndani ya saa 2. Mtu aliyekula mayai Jumatatu akatokwa na vipele Jumatano atafute sababu nyingine. Lipo jambo moja linalovunja kanuni hii ambalo wafugaji na wapenda nyama wanafaa kulijua: kuna watu ambao, baada ya kuumwa na kupe, hupata mzio wa nyama nyekundu, na wao hushikwa saa 3 hadi 6 baada ya kula, aghalabu usiku wakiwa wamelala.

La pili ni kurudia. Chakula kile kile huleta shida karibu kila kinapoliwa. Mtu aliyekula mayai mara mia bila neno, akawashwa mara moja, ana uwezekano mdogo kwamba yai ndilo tatizo.

La tatu ni mwonekano, na hapa vitabu vingi vinatuponza. Vimeandikwa kwa ngozi nyeupe, vinasema tafuta wekundu. Kwenye ngozi yetu nyeusi wekundu hauonekani au unaonekana kama kivuli tu. Tafuta uvimbe: pitisha kiganja juu ya mgongo na mikono, utasikia mabaka yaliyoinuka. Mpeleke mtoto dirishani, mwanga umpige kutoka ubavuni. Tazama kope, midomo, masikio. Kuangalia kama damu inazunguka vizuri, fungua mdomo uone ndani ya midomo, kisha tazama viganja na kucha kama vimepauka. Na kutokuwepo kwa vipele kusikutulize. Kati ya watu 10 wanaopata anafilaksisi, mmoja au wawili hawana dalili yoyote ya ngozi.

Dalili nyingine ni kuwashwa mdomo na koo, kutapika ghafla, tumbo kukata, sauti kukwaruza, kikohozi kisichokoma, kifua kupiga filimbi, kizunguzungu. Mtoto mdogo hawezi kusema koo linabana. Atajikuna ulimi, atavuta masikio, atalia kwa namna isiyo ya kawaida yake, kisha atanyamaza na kulegea. Huko kulegea ndiko kwa kuogopa. Ngozi peke yake ikiguswa, ni mzio mwepesi. Ngozi ikiungana na kupumua kwa shida, au na kutapika mfululizo, au na kuzimia, hiyo ni anafilaksisi. Na ikiwa unajua amekula kile kinachomdhuru, kupumua kwa shida peke yake kunatosha.

Dawa ya anafilaksisi ni moja: adrenalini, idungwe kwenye msuli wa paja upande wa nje, katikati, hata kupitia suruali. Kipimo ni miligramu 0.01 kwa kila kilo ya uzito, na mtu mzima hapewi zaidi ya 0.5 kwa mara moja. Hali isipobadilika baada ya dakika 5 hurudiwa. Vidonge vya kuzuia histamini, ambavyo kila duka la dawa la mtaani linavyo na kila mama mwenye nyumba amewahi kuvinunua, hutuliza mwasho. Havifungui koo wala havipandishi presha. Hidrokotisoni, dawa ya kupunguza uvimbe, huchukua saa kadhaa kabla ya kufanya kazi. Nasisitiza hili kwa uchungu kwa sababu nimeona mgonjwa akipewa hivyo viwili kwanza, adrenalini ikiwekwa akiba kana kwamba ni ya mtu aliyekwisha kufa. Iwe ya kwanza. Vichupa vyake si dawa ghali, na imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani.

Sindano za kujidunga, zile zenye kipimo kilichopangwa tayari, si kitu cha kukuta katika kila famasi. Kama daktari amesema mtoto wako yuko katika hatari, muulize kinagaubaga: nitaipata wapi, na nikiikosa, utanifundisha kutumia kichupa na bomba la sindano? Familia nyingi zisizopata sindano hizo hufundishwa hivyo, kipimo kikiandikwa kwenye karatasi na kubandikwa ndani ya kifuko chenyewe.

Kisha kuna suala la kufika hospitali, na hapa Nairobi ina mitego yake. Ukiona foleni ya Jogoo Road saa 12 jioni, wazo la kwanza ni bodaboda. Tafadhali usimpandishe. Mtu ambaye presha yake imeshuka akikalishwa wima au kusimamishwa ghafla, damu hairudi kwenye moyo, na moyo unaweza kusimama pale pale. Alazwe chali, miguu iinuliwe. Anayetapika alazwe ubavu. Anayehema kwa shida aweza kuegemezwa akiwa ameketi, miguu imenyooshwa mbele, lakini asitembezwe hadi barabarani. Bebeni. Piga 999 au 112, na kama gari la jirani au teksi iko karibu zaidi, mlaze kiti cha nyuma mwondoke. Nendeni kituo kilicho karibu chenye adrenalini, hata kama si kile kinachopokea bima yenu. Kituo hicho ukitafute leo, watu wote wakiwa wazima: ingia zahanati ya mtaani kwako, msalimie muuguzi, umuulize kama wanayo adrenalini na kama huwa na mtu usiku. Hata akipata nafuu, mgonjwa abaki chini ya uangalizi saa kadhaa, kwa kuwa dalili zinaweza kurudi mara ya pili bila kula kitu kingine.

Mwenye pumu isiyodhibitiwa yuko katika hatari kubwa zaidi kuliko wenzake. Kama mtoto ana vyote viwili, kutibu pumu vizuri kila siku ni sehemu ya kumkinga na chakula.

Kumjua mkosaji huanza na maelezo. Daktari mzuri atakuuliza alikula nini, kiasi gani, baada ya muda gani, kilipikwaje, na kama alikuwa amekimbia au kunywa dawa ya maumivu. Andika kabla ya kusahau, piga picha za mabaka kwa simu, weka karatasi ya ganda la biskuti. Ndipo vipimo vifuate. Kile cha ngozi huweka mkononi tone la kizio, yaani kitu kinachoshukiwa kuleta mzio, ngozi inachomwa kidogo, na baada ya dakika 15 hadi 20 uvimbe unapimwa. Ukifika milimita 3 au kuzidi, unahesabiwa kuwa chanya. Kile cha damu hupima IgE ya chakula husika.

Lakini chanya si sawa na mgonjwa. Utafiti wa Ghana uliochapishwa mwaka 2013 uliwakuta watoto wa shule wenye IgE ya njugu kwenye damu ambao walikuwa wakila njugu bila shida yoyote, na hali hiyo ilihusishwa na kichocho: kingamwili zilizoitikia minyoo zilishika pia sukari zilizomo kwenye protini za mimea. Sisi ambao minyoo si wageni kwetu tunafaa kulikumbuka hilo kabla ya kumpiga mtoto marufuku ya vyakula 12 kwa sababu ya karatasi ya maabara. Na vile vipimo vinavyotangazwa mitandaoni vya vyakula mia na zaidi, vinavyopima IgG, aina nyingine ya kingamwili, okoa pesa zako. IgG huonyesha kwamba umewahi kula chakula hicho, basi. Nimewaona wazazi wakitoka navyo na orodha ndefu, mtoto akakondeshwa kwa kunyimwa ngano, mayai na maziwa kwa pamoja.

Kwa mtoto mchanga mwenye mzio wa maziwa ya ng'ombe, ushauri unaotembea mitaani ni maziwa ya mbuzi. Protini za maziwa ya mbuzi zinafanana mno na za ng'ombe, na wengi wanaodhurika na moja hudhurika na jingine. Maziwa ya ngamia, yale yanayoletwa Eastleigh kutoka Isiolo, ni tofauti zaidi: hayana betalaktoglobulini, mojawapo ya protini zinazosumbua. Baadhi ya watoto huyavumilia. Hata hivyo hayajaribiwi bila daktari, na kwa mtoto wa chini ya mwaka hayawezi kuwa chakula kikuu. Anayenyonyesha aendelee kunyonyesha.

Kazi ngumu ya kila siku ni kujua kilichomo ndani ya chakula, na sioni chakula cha Nairobi kinachoficha kama unga wa uji. Simama kwenye kinu cha kusaga pale Kawangware au Githurai. Mama analeta karai lake: wimbi, mtama, mahindi, soya, njugu karanga, omena wa kukaushwa, pengine na simsim. Vyote vinamwagwa juu, vinatoka chini unga mmoja wa kijivu. Mtoto akitapika na kuvimba midomo, kuna washukiwa wakuu wanne ndani ya kikombe kimoja: soya, njugu, omena na simsim. Na mteja anayefuata, aliyeleta wimbi mtupu, anapata masalio ya njugu yaliyobaki kwenye mawe. Kwa nyumba yenye mzio, nunua nafaka nzima, chambua, na uwe wa kwanza asubuhi baada ya kinu kuoshwa, au saga nyumbani. Na hata kwa mtoto asiye na historia yoyote, anza kwa unga wa nafaka moja, kisha ongeza kitu kimoja kimoja ukipisha siku chache. Unga wa mchanganyiko uje baadaye.

Kibanda cha chipsi nacho kina mafuta ya sufuria moja yanayokaangia viazi, samaki na kebabu iliyopakwa yai. Mwenye mzio mkali wa samaki hawezi kula chipsi zile. Kuuliza nako kuna ustadi wake. Ukisema, "Mama, hii ina njugu?" kuna haraka na foleni ni ndefu, utajibiwa, "Haina, kastoma." Sema badala yake: "Mama, samahani, mboga hii umeiunga na nini?" Atakutajia mwenyewe, kwa fahari, kitunguu, nyanya, na ile njugu ya kusaga aliyofundishwa nyumbani. Kisha mweleze kwamba mtoto hushindwa kupumua. Wapishi wetu hawana ubaya. Hawajaambiwa tu.

Kwa vyakula vya pakiti, kiwango cha lebo cha Afrika Mashariki kinachosimamiwa hapa na KEBS, shirika la viwango la Kenya, kinataka vitu vinavyojulikana kuleta mzio vitajwe, yakiwemo maziwa, mayai, samaki, karanga, soya na nafaka zenye gluteni. Soma kila unaponunua, hata bidhaa uliyoizoea, kwa kuwa viungo hubadilika. Mandazi na keki za kupimiwa dukani hazina lebo kabisa.

Shule ipewe karatasi ya daktari yenye picha ya mtoto, jina la chakula, dalili na hatua za kuchukua. Apewe mwalimu wa darasa, mpishi na dereva wa basi, na dada anayebaki na mtoto nyumbani aoneshwe sindano kwa mikono yake. Watoto hubadilishana vitafunio, hilo halizuiliki kwa amri, lakini hata mtoto wa miaka 4 anaweza kufundishwa kusema, "Mwalimu, mimi nitauliza mama kwanza."

Habari njema ni kwamba wengi wanaodhurika na maziwa na mayai hupona wanapokua. Njugu hupona kwa takribani mtoto mmoja kati ya watano, na samaki au kamba ni nadra. Kwa hiyo rudi kwa daktari kila mwaka au miwili, mzio upimwe upya.

Na kwa mtoto ambaye bado hana mzio, ushauri umegeuka. Zamani wazazi waliambiwa wacheleweshe njugu hadi miaka 3. Mwaka 2015 utafiti wa Gideon Lack na wenzake mjini London, uliofuatilia watoto 640 waliokuwa na ukurutu mkali au mzio wa yai, ulionyesha kwamba waliolishwa njugu mara kwa mara tangu kabla ya kutimiza mwaka walipata mzio wa njugu kwa kiwango cha chini kwa takribani asilimia 80 wakilinganishwa na walionyimwa. Basi anyonye miezi 6, kisha yai lililoiva vizuri na njugu zisicheleweshwe. Njugu nzima zisipewe mtoto wa chini ya miaka 5, zinaweza kumkaba. Saga laini, au tumia siagi ya karanga isiyo na sukari, ncha ya kijiko ikorogwe kwenye uji wa vuguvugu. Fanya hivyo asubuhi siku ya kazi, mtoto akiwa mzima na zahanati ikiwa wazi, umpe kidogo, usubiri dakika 10, umalizie, kisha ukae naye saa 2. Akiikubali, aendelee kula mara kadhaa kwa wiki. Kama ana ukurutu mkali, au tayari anadhurika na yai, muone daktari kabla ya kijiko hicho cha kwanza.